Madirisha Mawili ya Sebuleni

Tangu vita vimtoe mjini kwao Homs, miaka kumi na miwili sasa, Rudaina alikuwa amefunika dirisha la chumba chake cha kupanga ugenini, mjini Irbid, kwa shuka, akaibana kwa vibanio vya nguo. Cherehani alikuwa nayo, na nusu ya mtaa ilimletea mapazia awashonee. Dirisha lake mwenyewe hakulipima hata mara moja. Aliona kulipima ni kukubali kwamba amehamia.

Nyumba yake ya Homs marehemu mumewe aliijenga kwa mkono, na katika yale madirisha mawili ya sebuleni, la kulia likatoka jembamba, pungufu kwa vidole vinne. Rudaina alimcheka mpaka akakaa chini. Kisha akashona mapazia ya kuficha kosa: upande ule akazidisha marinda, na juu akapitisha kitambaa kifupi cha kufunika fimbo ya pazia, sawasawa kote. Hakuna mgeni aliyewahi kujua. Hata ndugu.

Mwaka huu mdogo wake, Maamun, alipokuwa anarudi Homs kutazama, Rudaina alikuwa ameshanunua jora zima la kitambaa rangi ya komamanga.

"Nipimie madirisha ya sebuleni," alimwambia.

"Dada, wenzako wanaagiza habari za nyumba, wewe unaagiza sentimita!"

"Sentimita ndizo habari. Na ukipima ovyo, masalio nitakushonea suruali, uivae sokoni."

Siku ya nne simu ikalia.

"Nyumba ipo?"

"Ipo, dada. Vumbi tu. Haya, andika. La kushoto, mita moja na themanini."

"La kulia?"

"Hivyo hivyo. Moja na themanini."

Kalamu ikasimama.

"Umelipima, Maamun?"

"Mara mbili! Yanafanana kama mapacha."

Mtu aliyeshika futi mbele ya madirisha yale asingesema hivyo. Nyuma ya sauti yake Rudaina alisikia upepo mtupu. Alitaka kumuuliza kama kumebaki hata ukuta mmoja. Tangu utotoni Maamun hakuwahi kudanganya ili apate kitu. Alidanganya ili mtu asilie.

"Ahsante, mdogo wangu. Umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale."

"Dada, kushona usiharakishe."

"Kitambaa ninacho. Kikae kinangoja nini?"

Alipokata simu, aliikunja karatasi ya vipimo akaiweka chini ya cherehani. Akasogeza kiti dirishani, akapanda, akatoa vibanio kimoja kimoja. Shuka ikaanguka, na mwanga wa mchana ukaingia chumbani wote kwa pamoja.

Alipima upana, akapima urefu. Kisha ikabidi apime tena, kwani mara ya kwanza namba hakuziona vizuri.