Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Bibi alizijua kelele zote za mjukuu wake: ya kuanguka, ya kunyang'anywa kitu, ya usingizi, na ile ya deko tupu. Hii hakuwahi kuisikia. Aliacha mwiko ndani ya ndoo ya sabuni, akakimbilia stoo, na magoti yake yanayolalamika kila asubuhi safari hii hayakusema kitu.

Kidoti alikuwa amekaa sakafuni, mdomo wazi, mate yanamchuruzika mpaka kifuani. Midomo ilikwisha kuanza kuvimba. Kando yake chupa ilikuwa imelala ubavu, bado inamwaga. Na mkononi mwake amevaa uzi mwekundu, kama bangili.

Bibi aliutambua uzi ule: ulitoka shingoni mwa chupa.

Nyumba ile ilikula kwa sabuni. Binti yake ndiye mpishi wa sabuni, Bibi ndiye mkorogaji. Kostiki, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni, waliyachanganya na maji siku moja kabla, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia kwenye chupa kuukuu za maji ya kunywa. Yakishapoa huwezi kuyatofautisha na maji kwa macho. Ndiyo maana kila chupa ya kostiki ilifungwa uzi mwekundu shingoni. Mtu mzima yeyote mle ndani akiona uzi huo, mkono unarudi wenyewe.

Lakini nyuzi zilitoka kwenye kapu la Bibi, masalio ya miaka yake kwenye kiwanda cha nguo. Na kutoka kapu hilohilo alimsokotea Kidoti bangili, nyekundu kila mara, kwa sababu mtoto hakutaka rangi nyingine. Hakuna aliyewaza kwamba mtoto akiona chupa iliyovaa bangili, ataiona ni yake.

"Mama!" Binti yake alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga wa sabuni. "Mama, amekunywa! Mtapishe! Mpige mgongoni kama siku ile ya kifungo!"

Siku ile mtoto alikabwa na kifungo cha nguo mpaka akawa wa bluu. Bibi akamwinamisha, akampiga mgongoni kama alivyofundishwa huduma ya kwanza kiwandani, kifungo kikaruka mpaka chini ya kabati. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Daktari wa Uani. Dobi wa nyumba ya pili, anayegombana naye kila siku kwa ajili ya kamba ya kuanikia, alikuwa akimpigia kelele ukutani, "Daktari! Kiuno kinaniuma, njoo unipige mgongoni!"

Mkono wa Bibi ulikwisha kunyanyuka. Kweli ulinyanyuka. Ndipo alipoona kifuani mwa mtoto, pale mate yalipopita, ngozi imekuwa nyekundu kama iliyomwagiwa uji wa moto. Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka.

"Hiki si kifungo," alisema.

"Mama, fanya kitu!"

"Sijui dawa yake, mwanangu." Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu aliyemtegemea, na lilimtoka kwa shida. "Pumzi naijua kuitazama. Kuosha naweza. Hiki kilichoingia ndani sikijui. Piga simu hospitali. Weka sauti kubwa. Nipe glavu zako."

Alifanya yale aliyoyajua, kwa mpangilio uleule aliofundishwa. Kwanza yeye mwenyewe asiungue, akavaa glavu. Akamtoa mtoto kwenye lile dimbwi. Akasogeza sikio: pumzi ipo, ina mluzi, lakini ipo. Akamvua gauni, akamvua na ule uzi uliolowa, naye Kidoti akautolea kilio cha kukwaruza, akinyoosha mkono kuufuata. Akammiminia maji kifuani na mkononi, akamfuta ulimi pia kwa kitambaa kilicholowa.

Simu ikapokelewa na muuguzi, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. "Anapumua?"

"Anapumua. Kwa mluzi."

"Yuko macho?"

"Yuko macho, analia."

Bibi alishangaa kidogo. Yalikuwa maswali yaleyale ya kiwandani, ya mtu aliyeanguka au aliyekatwa na mashine.

"Amekunywa nini?"

"Kostiki. Ya sabuni."

"Sasa nisikilizeni vizuri. Msimtapishe. Iliunguza ikishuka, itaunguza tena ikipanda. Na kidole msitie kooni."

Binti aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na Bibi.

Mlango ukapigwa teke. Dobi aliingia anahema, mkononi maziwa, pakiti nzima. "Nimesikia! Mpeni haya, yanakata sumu! Mama yangu alikuwa..."

"Nani huyo wa maziwa?" sauti ya simu ikauliza.

"Mimi dobi, jirani."

"Asante, dobi. Usimpe. Usimpe chochote. Una usafiri?"

Dobi aliitazama simu, akaitazama pakiti yake. Hakubisha, yeye anayebisha hata jua likiwaka. Aliiweka pakiti chini polepole. "Gari la nguo ninalo."

"Mleteni. Mshikeni amekaa wima. Akilegea asijitambue, na pumzi ipo, mlazeni ubavu. Pumzi ikikatika, mniambie palepale. Na hiyo chupa mje nayo. Simu msikate."

Walikwenda katikati ya mashuka ya watu. Bibi alimpakata Kidoti, mgongo wa mtoto kifuani pake, apate kuisikia kila pumzi. Mluzi ulizidi kuwa mwembamba. Kuna mahali ulikatika, Bibi naye akaacha kupumua, kisha ukarudi.

"Mama, fanya kitu," binti alirudia, sasa kwa sauti ndogo.

"Ninafanya. Namsikiliza."

"Hicho tu?"

"Hicho tu, mwanangu." Machozi yalimdondokea mtoto utosini. Miaka yote ya kuitwa daktari, na leo kazi yake ilikuwa kuuzuia mkono wake mwenyewe. Mbele, dobi aliendesha bila kupiga honi wala kutukana mtu, akihofia kumtisha mtoto.

Muuguzi alikuwa amesimama getini na kitanda cha magurudumu, simu ingali sikioni. Alimpokea Kidoti, akaichukua ile chupa ndani ya mfuko, pazia likafungwa.

Walikaa kwenye benchi. Dobi alikaa nao, ingawa mashuka ya watu yalikuwa yanamsubiri.

Daktari alipotoka, alizungumza na sakafu kabla ya kuwatazama. "Koo limevimba. Tumempitishia mpira wa kupumulia ili hewa isifungiwe. Ndani ameungua, kiasi gani sijui bado. Kesho tutaingiza kamera ndogo tuone. Mngemtapisha, nadhani tusingekuwa tunazungumza habari za kesho."

Binti aliuficha uso begani kwa mama yake. "Ningemtapisha," alinong'ona. "Ningekuwa peke yangu, ningemtapisha."

"Hukuwa peke yako."

Waliruhusiwa kuingia. Kidoti alikuwa mdogo sana kwenye kitanda kile, mpira mdomoni, macho mazito kwa dawa. Alipomwona Bibi, vidole vikasogea kwenye kifundo cha mkono, mahali bangili inapokaa, vikapapasa ngozi tupu.

Bibi aliinama, akang'ata pindo la gauni lake mwenyewe, akavuta uzi. Wa bluu. Alimfungia kwa kuulegeza, fundo la kipepeo.

"Mama, huyu hapendi bluu," binti alisema.

"Atanigombeza akiamka. Acha anigombeze."

Akaweka kiganja kifuani pa mtoto. Kilipanda. Akangoja. Kikapanda tena.