Alama ya Kufungia

Jumanne, tarehe kumi na saba Februari, kulipambazuka na ukungu mzito, na shuka tulizokuwa tumeanika tangu jana yake zilikuwa bado mbichi tulipozigusa. Mimi napiga pasi katika sehemu ya kufulia nguo ya hospitali. Siku ya ukungu kazi yetu huwa mara mbili, maana kila shuka hukaushwa kwa pasi, na mvuke hujaa chumbani hadi humtambui mwenzako ila kwa kikohozi chake. Dada yangu alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, akitia viraka shuka zilizochanika. Alikuwa fundi cherehani. Mguu wake ulikuwa umekanyaga pedali ile ile kwa miaka thelathini na moja.

Saa nane mchana alichungulia mlangoni na kunikumbusha tusichelewe darasani, kwa kuwa ilikuwa zamu ya somo la tatu.

Tulikuwa tumejiandikisha masomo ya jioni katika chuo cha ufundi kilicho nyuma ya hospitali, kila Jumanne na Alhamisi, kujifunza kuandika programu za kompyuta. Tulikuwa watu wazima kumi na wawili. Wazo lilikuwa la dada. Wafanyakazi wenzetu walipomuuliza mtu wa miaka hamsini na tisa anaitakia nini kompyuta, aliwajibu kwamba anataka kuipima suruali. Walicheka wakamwacha.

Mimi niliijua sababu. Dada alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Kijana huyo aliuza cherehani ya mama yake ya nyumbani, bila kumwambia, akanunua kompyuta ili ajifunze kazi hii hii. Dada alirudi akakuta meza tupu. Alimwambia mwanawe pale kizingitini, mimi nikiwa nimesimama kando, "Hili sikusamehi." Kijana alichukua begi lake, akaniaga kwa jina la mama mdogo, akaenda. Wiki ya tatu gari alilopanda lilipinduka. Begi lilirudi bila yeye, na kompyuta ndani yake imepasuka kioo. Tangu hayo ilikuwa imepita miaka kumi na moja, na dada hakuyazungumza, ila siku ile aliponishawishi tujiandikishe. Alisema anataka kuona mwanawe aliona nini mle ndani.

Basi jioni ile ya Februari mwalimu alitupa zoezi. Kila mtu aiambie mashine iandike sentensi moja kwenye kioo, sentensi yoyote ambayo angependa kumwambia mtu. Mimi niliandika "Habari za jioni, mwalimu," na ilipotokea nilifurahi kama mtoto aliyevaa viatu vipya. Dada alikuwa mashine ya tisa, kushoto kwangu. Aliandika polepole kwa kidole kimoja, mwili wake ukiwa umekinga kioo. Alipobonyeza, maandishi mekundu yalijitokeza:

KOSA LISILOSAMEHEKA. MSTARI WA 3. UTEKELEZAJI UMEKATISHWA.

Nyuma yetu alikaa dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani. Tulimwita Breki, kwa sababu kila asipoelewa jambo alisema "breki" na mwalimu akalazimika kusimama. Alirefusha shingo, akasoma yale maneno kwa sauti, kisha akasema, "Mama, pole. Huko jehanamu unaingia bila kupanga foleni."

Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka.

Dada hakucheka. Aliizima mashine, akachukua mkoba wake, akamwambia mwalimu kichwa kinamuuma. Alhamisi nilipompitia aliniambia niende tu, macho yake yamechoka kwa sindano za mchana kutwa. Sikumbishia.

Wiki iliyofuata mashine yangu iligoma kuwaka, mwalimu akanihamishia ya tisa. Kazi ya dada ilikuwa bado imehifadhiwa humo, na nikaifungua. Ilikuwa na mistari mitatu. Miwili ya kwanza ni ile tuliyopewa na mwalimu. Wa tatu ulikuwa wake:

andika("Mwanangu, nimekusamehe)

Asiyesoma masomo haya ajue jambo moja tu. Sentensi unayotaka mashine iandike huwekwa katikati ya alama mbili ndogo za nukuu, moja ya kufungua na nyingine ya kufungia. Dada alikuwa amefungua, hakufunga. Hakukuwa na lingine. Na huyu ndiye mtu ambaye hajapata kumaliza mshono bila kurudisha sindano nyuma mara tatu, ili uzi usifumuke.

Wenzangu walipotoka nilibaki, nikamuuliza mwalimu yale maneno mekundu yametoka wapi. Mwalimu wetu ni kijana, umri wa mwanangu wa pili. Alinieleza kwamba katika lugha yalikotoka yalimaanisha hitilafu ambayo programu haiwezi kuendelea nayo, ni lazima isimame kwanza irekebishwe. Aliyeyatafsiri alikuwa yeye mwenyewe, wakati akiwa mwanafunzi, kwa kamusi, neno kwa neno.

"Kila mwaka wanafunzi wanacheka, mama," alisema. "Na mimi nacheka nao. Nikaona ni kichekesho kizuri, nikakiacha."

"Yupo ambaye hakucheka."

Alielewa ni nani, ingawa sikumwonyesha ule mstari. Haukuwa wangu wa kuonyesha. Alifungua kabati, akanichapia karatasi sita zenye jumbe zote za makosa, arobaini na mbili, zote tafsiri yake ya zamani, na akaniomba niziandike upya kwa namna ambayo mimi mwenyewe ningependa kuambiwa. Aliahidi kuziingiza kwenye mashine zote zitakapokamilika.

Nilizichukua kwa mikono miwili.

Nilianza siku ya pili yake, wakati wa mapumziko, juu ya meza ya pasi. Ule ujumbe wa alama ndio nilioutangulia. Niliandika: "Umekosa alama ya kufungia." Nikausoma kwa sauti, kana kwamba najisomea, ila nilijua dada anasikia. Alikuwa ana uzi mdomoni. Akautoa.

"Usimwambie umekosa."

"Si kweli, dada? Hana alama, ameikosa."

"Atasikia neno la kwanza tu. Mtu ukimwambia umekosa, haulizi tena amekosa nini." Aliingiza uzi kwenye tundu la sindano bila kuangalia. "Mimi nikimfundisha msichana kushona, simwambii ameharibu. Namwekea kidole pale uzi ulipofumuka. Basi. Ataona mwenyewe."

Tangu hapo ujumbe wote ulipita mikononi mwake, ingawa darasani hakurudi. Mimi nasoma, yeye anashona. Nikisema neno la kujitutumua ananiuliza limekula nini. Jioni nilimjaribia Breki, na pale aliposema "breki" ndipo tulipojua neno halifai. Alisimama kwenye "utekelezaji", akasimama kwenye "kigezo", akasimama kwenye "batili". Tukaweka "programu imesimama hapa", tukaweka "jina hili bado hujaniambia ni la nini". Siku moja alisoma ujumbe mzima bila kusimama, akajipigia makofi mwenyewe. Nilipomsimulia dada alitabasamu, akasema yule dereva siku akipata busara ghala litaanguka.

Sasa niseme lile linaloniuma. Sikumwambia.

Nilikuwa najua tangu wiki ile. Ningeweza kumwambia katika pumzi moja, tukikunja shuka, yeye ameshika ncha zake na mimi zangu. Lakini ningemwambia ningelazimika kukiri kwamba nimesoma yasiyonihusu, na kwamba nilicheka. Niliona aibu. Nikajifariji kwamba jumbe zikikamilika nitamrudisha darasani, akae mashine ya tisa, na mashine imwambie yenyewe kwa maneno aliyoyachagua yeye. Nilijiambia itakuwa vizuri zaidi hivyo. Kila alfajiri nilipiga magoti nikaziombea zile jumbe, moja baada ya nyingine. Nilimwomba Mungu anipe neno la kumwambia mtu nisiyemjua, na neno la dada yangu lilikuwa mdomoni mwangu, nimelifumba.

Jumamosi moja ya Juni, jumbe thelathini zikiwa tayari, cherehani ya chumba cha pili ilinyamaza katikati ya mshono. Nilimkuta sakafuni. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, mkono na mguu. Walimlaza wodi ya wanawake, ghorofa ya kwanza, na shuka aliyotandikiwa ilikuwa na kiraka chake mwenyewe kwenye pindo.

Jumapili alasiri nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkono wa kushoto, ule unaosikia.

"Dada, jioni ile hukufanya kosa lolote. Ilipungua alama ya kufungia, mwisho wa mstari. Hiyo tu."

Aliangalia dari. Maneno yake yalitoka yamekunjamana, lakini niliyasikia yote.

"Alama?"

"Moja."

"Umejua lini?"

"Wiki ya pili yake." Nikaona nisibakize kitu. "Na mimi nilicheka, dada."

"Nilikusikia. Unacheka kama mlango." Akafumba macho, na nilidhani amelala. Kisha akasema, "Miezi minne."

Nilivuta shuka nikamfunika bega.

"Mimi nilidhani nimejibiwa," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi alivyokuwa ameubeba ule ujumbe. Alikuwa ameuambia ukimya wa miaka kumi na moja neno lake la msamaha, na jibu likaja jekundu, papo hapo, mbele ya watu, kwamba halisameheki. Nami nilikuwa nayo karatasi mkononi inayosema sivyo, siku zote hizo, nikimsomea jumbe za watu wengine.

Nililia juu ya ule mkono. Hakuuvuta. Baadaye, muuguzi alipokuwa anawafukuza wageni, alinibana vidole.

"Kaifunge," alisema.

Jumatatu asubuhi nilipanda ngazi na chupa ya chai. Kitanda kilikuwa kimeshavuliwa shuka.

Tulimzika Jumatano. Alhamisi, ilipofika saa za kazi, kikapu cha wodi ya wanawake kililetwa mezani kwangu, nguo zilizokwisha kufuliwa, na shuka ya tano kuitoa ilikuwa ile yenye kiraka. Niliipiga pasi pande zote mbili. Kiraka hakikuhama hata uzi mmoja.

Jioni nilikwenda darasani. Mwalimu hakunitarajia. Alikuwa ameingiza zile jumbe thelathini nilizokwisha kumpa, siku hiyo hiyo ya mazishi, hakujua afanye nini kingine kwa ajili yetu, na aliniambia hivyo kwa sauti ya chini. Nilimwomba mashine ya tisa. Wenzangu waliniachia njia. Breki alisimama kando na kofia mkononi.

Nilifungua kazi ya dada, nikaibonyeza kama ilivyo. Kioo hakikuwa na wekundu wowote. Kiliandika:

Programu imesimama mstari wa 3. Umefungua alama ya nukuu, bado haijafungwa. Angalia mwisho wa sentensi, uiongeze, kisha jaribu tena.

Na chini ya maneno hayo kulikuwa na mshale mdogo, umeelekea pale pale. Kidole cha dada.

Niliomba kimya, sala fupi, maana sikuweza ndefu. Nikaweka alama. Nikabonyeza.

Mwanangu, nimekusamehe

Hakuna aliyecheka. Breki alisoma midomo ikimchezacheza, kisha akaweka kofia usoni, na mabega yake nikayaona yakitikisika. Ndipo alipojua ni kitu gani alichokisoma kwa sauti Februari ile. Sikutaka abebe peke yake. Nikasimama, nikawageukia wote, mwalimu na wale wanafunzi kumi, nikawaeleza mstari huu ni wa nani na ulikuwa kwa nani. Nikawaeleza pia kwamba wao walicheka bila kujua, na kwamba mimi ndiye niliyejua nikanyamaza.

Mwalimu aliniuliza kama ningependa kupumzika, zile kumi na mbili zilizobaki atazimalizia yeye. Nilitikisa kichwa. Niliweka mkono juu ya mashine ya tisa, ilikuwa bado na joto, nikasema kwa sauti ili na waliokaa nyuma wasikie:

"Nyinyi ni mashahidi wangu, na Mungu ni shahidi. Hizo kumi na mbili nitazimaliza mimi. Na kuanzia leo, nikiona mtu amekwama na nikajua amekwama wapi, nitamwambia siku hiyo hiyo, kwa maneno anayoyaelewa, hata kama nitaona aibu."