Kioo Namba Nne

TANGAZO
(limebandikwa mlango wa maabara, ghorofa ya pili)

Watumishi wote wa usafi wanaarifiwa kuwa vifaa vilivyo juu ya meza visiguswe, visisogezwe wala visifutwe. Usafi uishie sakafuni. Atakayekiuka atachukuliwa hatua.


1.

Sakafuni nimeishia miaka sita. Mimi ni Mama Chibago, mfagizi wa jengo hili, mjane. Meza yao sijaigusa hata kwa ncha ya ufagio.

Paani hakuna meza.


2.

Nakueleza walichokuwa wakifanya kama Nakundwa alivyonieleza mimi, maana darasa langu liliishia la saba.

Paani kuna vioo vinne, kila kimoja mfano wa sinia. Kioo kinakusanya jua na kulisukuma ndani ya nyuzi za faiba, nyembamba kama unywele, zilizofungwa pamoja unene wa mkia wa ng'ombe. Nyuzi zinashuka na ukuta mpaka kwenye chumba kisicho na dirisha. Ukiingia humo mchana unakuta jua linaning'inia darini. Si umeme. Hakuna betri. Ni jua lenyewe.

Siku ya kwanza nilivua viatu.

"Vaa mama," Nakundwa akaniambia, "sakafu ya baridi hiyo, goti lako."

Ni binti wa Kipare, Nakundwa Mshana, anasomea shahada ya uzamivu. Mwaka wa tano huu. Salamu yake haijanipita hata siku moja.


3.

DAFTARI LA VIPIMO

Vioo 1, 2, 3: vya kawaida.
Kioo 4: kimepakwa utando uliotengenezwa na N. Mshana, ili vumbi lisishike.
Masharti: kioo chochote kisifutwe kuanzia tarehe 3 Juni hadi mvua ya kwanza.

Mwanga unaofika chumbani, kwa kila mia:

3 Juni: vioo vya kawaida 100. Kioo 4, 100.
1 Julai: 88. Kioo 4, 89.
1 Agosti: 74. Kioo 4, 76.
2 Septemba: 63. Kioo 4, 64.
4 Oktoba: 60. Kioo 4, 61.

(Pembeni, kwa penseli: *nimechoka*)


4.

Yaliyosikika ngazini, mafundi wawili wa maabara, mimi nikipiga deki, na wao wakiruka maji yangu:

"Utando wa dada yetu vipi?"

"Unashika vumbi kama ukuta wa choo."

"Miaka mitano hiyo."

"Mwambie akafungue saluni."

"Mwambie wewe. Mimi nina watoto."


5.

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba, saa tatu na nusu asubuhi.

Tuliambiwa Jumatatu kuna wageni, watatembezwa jengo zima mpaka paani. Nikapanda kutazama. Nikaona vile vioo, vyekundu kwa vumbi la huku kwetu, na aibu ikanishika mimi. Mgeni atoke mbali, aonyeshwe uchafu, halafu aulize anayefagia hapa ni nani.

Kuhusu kutofuta hakuna aliyeniambia. Yale masharti yamo daftarini, na daftari liko juu ya meza.

Nikaanza kuvisafisha kama mama alivyonifundisha kusafisha kioo cha chemli. Majivu laini yaliyochekechwa, pumzi ya mdomo, kipande cha kanga kuukuu, unazungusha, unazungusha, hadi uone uso wako. Nikakimaliza kile cha kwanza kukifikia kutoka ngazini. Vilivyobaki vilitaka nitambae kwenye bati, na goti likakataa.

Nikashuka. Nikamshukuru Bwana kwa kimoja.

Kilikuwa cha nne.


6.

(vumbi)

Sisi hatuna neno na mtu. Tulipanda na upepo wa mashamba yaliyovunwa, tukatua. Juu ya utando, juu ya pasipo utando, kwetu kote ni pahali pa kukaa. Miezi minne tulikaa. Kisha ukaja mkono mmoja, unaonuka majivu na sabuni ya mche, ukizunguka polepole huku mwenyewe akiimba pambio. Tukaondoka.

Upepo haujui kuimba.


7.

Jumamosi, saa tatu: kioo 4, 61.
Jumamosi, saa nne: kioo 4, 93.

Vingine: 60. 60. 60.


8.

Jumatatu. Nilikuwa nimeshika birika la chai, hivyo nilikuwemo chumbani.

Dokta Ndahani, mwalimu wake Nakundwa, mtu mpole ambaye kucheka kwake hukuoni mara mbili kwa mwaka, aliwaonyesha wageni mchoro. Mstari unashuka, unashuka, halafu unaruka kama mbuzi.

"Jumamosi kulikuwa na upepo mkali," akasema. "Vioo vya kawaida havikubadilika. Hiki cha utando kimekung'uta vumbi chenyewe. Chenyewe, ndugu zangu."

Wageni wakapiga makofi. Nakundwa hakupiga. Alikuwa akitazama mikono yangu, nikadhani anataka chai.

Nikammiminia. Hakuinywa.


9.

Kumb: MW/ZAH/07
Kwa: Mganga Mfawidhi, Zahanati ya Chigwe
YAH: KUFUNGA MWANGA WA JUA KATIKA CHUMBA CHA KUJIFUNGULIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kituo chetu cha utafiti kitakufungieni kioo namba 4 na nyuzi zake Alhamisi, tarehe 10 Oktoba, ili wakunga wapate mwanga wa mchana wakati umeme wa sola ukiwa umekatika. Kioo hiki hujisafisha chenyewe. Hivyo mnaelekezwa kuondoa ngazi ya paani na kutoruhusu mtu yeyote kupanda kukifuta.

Nawatakia kazi njema.


10.

Barua nimeisoma ubaoni, nikajua upepo wao ulikuwa mkono wangu. Nimezalia Chigwe mara tatu. Chumba ninakijua. Kidirisha chake kimeelekea ukuta wa jirani, saa sita mchana mkunga anatafuta uzi wa kushonea kwa vidole.

Watafungiwa jua. Mwezi wa kwanza litawaka. Wa pili litafifia. Wa tatu mkunga atasema mbona giza, na wataambiwa msipande, kinajisafisha.

Na ngazi wameshaiondoa.


11.

Bwana, nimeamka kwako siku ya tatu na neno ni lilelile.

Nikisema, binti wa watu anarudi nyuma miaka mitano, na barua yangu ya kazi sijui itaandikwa nini. Nisiposema, mwanamke mmoja Chigwe...

Nisiposema.

Marehemu mume wangu alikuwa mwepesi wa kusema kweli. Mimi ni mzito. Ninaona kila kitu, ninanyamaza, watu wanaita hiyo hekima. Wewe unajua inaitwaje.

Amina.


12.

Wewe unayesoma, najua ungekuwa umeshasema. Ukiwa umekaa hapo ulipokaa ni rahisi. Njoo upige deki hapa, uamkiwe kila asubuhi na mtu mmoja tu katika jengo zima, halafu mtu huyohuyo ndiye unayetakiwa kumwangusha.


13.

Alhamisi. Nilimkuta kwenye ngazi kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, amekaa, viatu kavivua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina neno."

"Kaa basi."

Nikakaa. Nikamwambia yote. Wageni, aibu, majivu, ile kanga. Nikaitoa mfukoni, nimekwenda nayo kazini siku tatu kama mtu anayebeba kidhibiti cha kesi. Akaishika. Hakunitazama.

"Majivu," akasema.

"Laini. Niliyachekecha."

"Mama, majivu yanakwangua. Utando wenyewe sidhani kama upo tena. Kilichobaki pale ni kioo tu."

"Nisamehe."

"Nilijua."

Nikamgeukia.

"Jumatatu asubuhi nilipanda kabla ya wageni. Nikakiona kina duara, duara, duara, mpaka ukingoni. Upepo gani unapiga duara." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye njaa. "Nikajua ni mkono. Na paani anapanda nani zaidi yako."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungeniambia." Akajifuta uso kwa ileile kanga. "Siku tatu nakuamkia kwa mbali, nakukwepa kwenye korido, hukuona? Naomba Mungu usiseme. Mimi nimwombe hivyo, na wewe sijui unamwomba nini. Kachoka na sisi."

"Mimi nilikuwa namwomba nguvu ya kusema."

"Basi kakusikia wewe."

Fundi mmoja alipita, akaturuka, akauliza kama kuna msiba. Nakundwa akamwambia bado.

Chini, honi ya gari. Kisha sauti ya Dokta Ndahani, ina furaha ambayo kwake si kawaida:

"Nakundwa. Gari la Chigwe limefika. Kioo wapakie?"

Akavaa kiatu kimoja. Cha pili akabaki nacho mkononi.

"Nakundwa?"

"Dokta," akaita, akishika ukuta kusimama, "naomba wasikipakie bado. Nina neno."