Nafasi Isiyo na Namba

Tarakimu ya moja ilimtoka vizuri. Ile mbili ndiyo iliyomgomea. Rangi nyeusi aliyopewa ilikuwa imezidishiwa petroli mpaka ikawa maji, maana rangi, aliambiwa, imepanda bei na bajeti yote imekwenda kwenye mahema. Mama Rangi alipiga goti ukingoni mwa gati, akawa anaifuta tone kwa tone kabla haijachuruzika.

Miaka ishirini alikuwa akiandika majina ya boti hapo hapo. Kibanda chake cha mabati alipewa na Babu Gati, mwenye gati, kwa maneno matupu: "Kaa, mwanangu. Ukiniudhi nitakufukuza." Hakumfukuza. Babu alifariki mwaka jana, na kabla machozi hayajakauka wapwa zake wakaliuza gati kwa kampuni. Kampuni nayo ikagundua kwamba inampenda sana marehemu. Leo ilikuwa inamkumbuka kwa mahema mawili, spika zenye kukoroma, na chupa za maji zilizobandikwa picha yake. Kwenye picha walikuwa wamemvalisha tai kwa kompyuta, mtu ambaye suruali yake nzuri kuliko zote ilikuwa na kiraka.

"Mama, bado tu?" Katibu wa kampuni alisimama juu yake na viatu vyeupe. "Mgeni rasmi anakuja na boti yake. Ataegesha hapa."

"Hapa Babu hakuweka namba."

Kila mtu wa gati alijua kwa nini. Nafasi kumi na moja zilikuwa na namba na wenyewe, na kutoka huko ulipanda juu kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima. Hii moja tu ilikuwa kando ya vidato vya saruji, ambapo mtu angeweza kubebwa. Babu aliiacha wazi mchana na usiku kwa yeyote atakayefika na mgonjwa. Aliwahi kumtoa shemeji yake mwenyewe, tena Babu akiwa bado na povu la sabuni usoni, kwa kuwa shemeji huyo aliomba kuegesha dakika mbili tu.

"Ndiyo maana kafa hana kitu," alisema Katibu. "Andika kumi na mbili."

"Na barua yangu?"

Katibu alipapasa mfuko wa koti. "Hii hapa. Sherehe ikiisha naisaini. Usinibane, bwana."

Bila barua hiyo ya kumruhusu kubaki kibandani, Mama Rangi alitakiwa kuhama kesho. Alikuwa ameifuatilia mara sita: mara muhuri umefungiwa kabatini, mara bosi yuko kikaoni, mara faili linatembea, kana kwamba faili lina miguu na yeye hana. Aliitazama ile mbili iliyopinda. Alijidharau, lakini akaimalizia.

Mgeni rasmi alifika na boti nyeupe yenye riboni. Dereva wake akaifunga kwa fundo ambalo hata mbuzi angelifungua, kisha akakimbilia hemani kulikokuwa na sambusa. Hotuba ikaanza.

"Marehemu alikuwa baba wa wote!" spika zilinguruma. "Naambiwa aliacha nafasi moja wazi kwa ajili ya wenye shida. Ndugu zangu, tujifunze!"

Watu wakapiga makofi. Waliomjua Babu waliitazama boti nyeupe, kisha wakaangalia viatu vyao.

Hapo ndipo boti ya Fundi Injini, mwenzake wa pale gatini, ilipotokea kutoka ng'ambo. Mama yake alikuwa amelala juu ya magunia, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka bila kupata hewa. Fundi alisimama usukani, akaiona boti nyeupe penye vidato, akaduwaa.

"Dada!" alimwita Mama Rangi. "Mama anakata pumzi! Nafasi iko wapi?"

Katibu alikimbia na kidole mdomoni. "Shhh! Zunguka kule namba tisa, kuna ngazi."

"Ngazi ya chuma? Kwa mama huyu?"

"Basi ngoja hotuba iishe. Dakika mbili tu."

Mama Rangi alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Alifikiria kibanda, makopo, mvua. Kisha akainama, akafungua lile fundo la kijinga, akaweka mguu kwenye omo, ile pua ya boti nyeupe, na kuisukuma kwa nguvu zake zote. Ikaondoka na riboni zake, ikaenda kukwama kwenye matope.

"Ingia!" alimwambia Fundi.

Wanaume wanne waliacha viti, wakampandisha mama kwenye vidato na kukimbia naye zahanati, nyuma ya lango. Alikuwa angali anahema. Mgeni rasmi alisubiri, akanywa maji kutoka kwenye chupa yenye uso wa Babu, akafuta midomo.

"Kama nilivyosema," aliendelea, "marehemu alijali watu."

Wakapiga makofi tena. Hata haya hawana, aliwaza Mama Rangi.

Katibu alirudi, jasho limemjaa shingoni. Alitoa barua, akaichana vipande viwili, akavirudisha mfukoni kwa uangalifu, asije akachafua gati siku ya sherehe.

"Kesho saa mbili asubuhi kibanda kiwe kitupu. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Sogea, unanikanyagia rangi."

Alisubiri viatu vyeupe viondoke, vikiacha alama nyeusi mpaka hemani. Kisha akafungua kopo lake mwenyewe la rangi nyeupe, akapiga goti palepale, akaifunika kumi na mbili. Mkono mmoja wa rangi haukutosha. Namba ilikuwa bado inaonekana kwa chini. Akanyanyuka, akaenda kwenye kibanda, ambacho kilikuwa chake mpaka kesho saa mbili, kuchukua kopo la pili.