Bakuli la Mzee Zhou

Mgeni mpe jembe siku ya kwanza. Ya tatu huenda asirudi. Hivyo ndivyo Blandina alivyowaelewa wanaume wa mtandao wa wachumba hapa London, na hakuna aliyewahi kumtoa katika imani hiyo. Wakisikia tu kwamba anafanya kazi katika makao ya wazee, macho yanawang'aa, wala si kwa mapenzi. Wa mwisho, Jeff, alimnunulia kahawa, akamsifia nywele, halafu akamuuliza kama angeweza kupitia kwa mamake amkate kucha za miguu.

Kwa hiyo picha ya Weijie ilipomtokea kwenye simu, kijana wa Kichina aliyevaa aproni na kushika kijiko, chini yake maneno "Napika, nafua, namtunza baba yangu, wala sioni haya," Blandina hakuyeyuka. Alimpa simu Maureen, mwenzake wa nyumba pale Thornton Heath.

"Hii aproni haina hata doa," Maureen akatoa hukumu. "Ni ya kupigia picha hii. Mtu anayepika huwa na doa."

"Labda ameifua. Si amesema anafua?"

"Haya, mtetee. Utanipigia simu wakishakuvisha glavu."

Hata hivyo wakaandikiana, wiki zikapita. Weijie hakuwa na papara. Aliuliza habari za zamu zake na majibu akayakumbuka. Alisema aliacha kazi ya ofisini baba yake alipopatwa na kiharusi, sasa anatengeneza tovuti za watu akiwa nyumbani. Blandina alitamani kumwamini mpaka akajiogopa. Kutwa nzima alikuwa akiinua watu vitandani, na jioni hakuna wa kumsogezea hata kikombe cha chai. Huyu akiwa wa kweli, amepata mwenzake. Akiwa wa uongo, amepata zamu ya pili isiyo na mshahara.

Jumamosi akaalikwa chakula cha mchana. Alipanda treni hadi Victoria, akaingia njia ya chini ya ardhi mpaka inapoishia, Walthamstow, akapita sokoni kununua machungwa. Ujumbe wa Maureen ukamkuta hapo: "Ukiona kiti cha magurudumu kimegeuzwa upande wako, toka mbio."

Aliingia nyumbani kwa Weijie pua ikiwa mbele. Alinusa akitafuta mkojo uliofunikwa na manukato, akapata tangawizi. Akaangalia nyuma ya mlango kama kuna aproni ya pili inayongoja mwili. Hakuna. Alipomwamkia Mzee Zhou, baba yake Weijie, alimshika mkono, akauchelewesha kidogo, akamkagua kucha. Safi, zimekatwa vizuri. Soksi ilikuwa imeteremka, na kisigino kilikuwa laini, kimepakwa mafuta.

"Ana mtu," Blandina akawaza. "Mwanamke fulani anakuja hapa."

Lakini aliyekaa mbele ya mzee na bakuli la uji wa mchele alikuwa Weijie mwenyewe. Alipuliza kijiko, akakigusisha mdomoni mwake mwenyewe kupima joto, akamlisha, akangoja mzee ameze kabla ya kuchota tena. Kungoja kule hakuigizwi. Blandina amewaona wenye vyeti wakishindwa kungoja. Na aproni, leo, ilikuwa na doa kubwa la mchuzi wa soya. Moyo wake ukaanza kuvua viatu.

Hapo simu iliyosimamishwa mezani ikaita, simu ya video.

Weijie akavua aproni kupitia kichwani, akaitupa nyuma ya sofa. Akateremsha mikono ya shati, akamtia Blandina bakuli mikononi.

"Shika kidogo. Kaa hapa nilipokaa. Tafadhali."

Kisha akaenda kusimama nyuma ya kiti, mikono mfukoni, kama meneja anayekagua wafanyakazi. Kwenye kioo akatokea mama wa makamo, akaongea Kichina haraka haraka, akamwinamia Blandina, mikono ameikutanisha kifuani.

"Ni shangazi," Weijie akamwambia kwa Kiingereza. "Anakusalimu."

Mzee Zhou akakohoa. Kiingereza chake alikiokota miaka mingi katika jiko la mkahawa, na kiharusi kilikipunguza mwendo tu.

"Anakushukuru," akasema. "Kwa kuniosha. Kwa kunilisha. Tangu nilipougua."

"Mimi?" Blandina akageuka. "Weijie, mimi leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona baba yako!"

"Taratibu, anatuona."

"Nani alikuwa akimwosha?"

"Mimi."

"Na shangazi alidhani ni nani?"

Weijie akaangalia zulia. "Kwao mtoto wa kiume haoshi mzazi. Ni kazi ya mkazamwana. Wangesema nimekuwa si kitu. Nikamwambia yupo mwanamke. Nikaanza kumtafuta baadaye."

Basi ndiyo hiyo. Aproni ni ya wasichana wa mtandaoni; suruali ya meneja ni ya ukoo. Na yeye alitafutwa aje kuziba pengo kati ya hizo mbili, mikono yake ipigwe picha juu ya jasho la mtu mwingine.

Blandina akainuka. Akamrudishia Weijie bakuli, akaichukua simu na kuisogeza mpaka kioo kikamwenea Weijie, kijiko na yote. Mzee Zhou akaelewa upesi kuliko mwanawe. Akafungua mdomo kwa upana, kama kinda.

Weijie hakuwa na pa kukimbilia. Akapuliza kijiko, akakigusisha mdomoni mwake, akamlisha baba yake.  Shangazi akasema neno moja, fupi, halafu kioo kikazima.

"Umenivua nguo mbele ya ukoo," Weijie akasema.

"Nimekuvisha aproni. Wewe mwenyewe uliandika huoni haya. Ama haya huzioni mbele yetu sisi wa mtandaoni tu?"

"Hujui shangazi amesema nini. Hujui lolote! Niombe radhi, Blandina. Neno moja tu, tukae tule."

Mzee alikuwa amenyoosha mkono anaomba chungwa. Blandina akavuta kiti, akachukua kisu, akaanza kumenya.

"Kula nitakula," akasema. "Radhi siombi."