Shahidi wa Kisima cha Tisa

Jumatatu asubuhi Mongia, mtaalamu wa idara ya maji, alikuwa amechuchumaa kando ya kisima cha tisa, nje kidogo ya mji wa Kebili, kusini mwa Tunisia, akijaza maji kwenye pipa la lita sitini. Maji yalitoka ya moto, yananuka chuma. Alitia dawa, akafunika, akangoja unga mweupe utuame. Ndani ya unga huo mlikuwa na kaboni nururifu ambayo maabara ya Tunis ingeipima ili kujua mvua iliyozaa maji hayo ilinyesha lini. Kaboni hiyo hupungua kadiri maji yanavyokaa chini ya ardhi. Ikibaki chembe, maji ni ya kale.

Unga ulipotuama, mwanamke alitoka kwenye mdomo wa bomba, amevaa ngozi ya mnyama, nywele zikichuruzika.

"Sogea kando, bibi, hapo pana utelezi," alisema Lazhar, mlinzi wa kisima, akampa taulo lake.

"Nani anakunywa mvua yangu?" mwanamke aliuliza.

"Mitende ya kampuni ya tende," Lazhar alijibu. "Yangu inakufa kwa kiu. Tangu wachimbe hiki, chemchemi yetu imekauka."

Mongia alimchukua nyumbani, akampikia kuskusi. Mwanamke alisema mvua ile ilinyesha siku kumi na moja, naye alimzika mwanawe katika tope lake. Haikunyesha tena mvua ya kufika chini.

Baada ya wiki sita majibu yalikuja: miaka elfu ishirini na nne. Mkurugenzi wa idara aliyasoma mara mbili, akafunga mlango.

"Dada Mongia, kampuni inaomba kibali cha kuchimba visima arobaini. Andika kwamba maji yanajazwa na mvua za kila mwaka."

"Hayajazwi, bwana mkurugenzi. Yakichotwa, yameisha."

"Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Basi fikiri kama mama yao."

Alhamisi Mongia aliingia mbele ya kamati ya vibali na karatasi zake, amemshika mwanamke mkono. Mwanamke alieleza mvua ile tangu tone la kwanza. Alipofika kwenye kaburi la mtoto, mjumbe mmoja alitoa leso. Mwenyekiti alingoja amalize.

"Pole sana, mama. Kitambulisho unacho?"

Hakuwa nacho. Katibu aliandika kwamba shahidi hakutambulika. Mongia alikataa kutia saini ripoti ya mvua za kila mwaka. Mwenzake wa chumba cha pili akatia, bila kumtazama usoni.

Visima vilichimbwa, na kila kimoja kilitoa mtu wake. Kampuni iliwagawia glavu na kofia, ikawapandisha mitendeni, maana walikuwa hodari wa kukwea na hawakudai likizo.

Oktoba, mitende ya Lazhar ikiwa imekauka yote, alikwenda kuomba kibarua cha kuvuna tende. Mongia, aliyekwisha kuhamishiwa chumba cha mafaili, alimsindikiza hadi langoni.

"Nafasi zimejaa, mzee wangu," msimamizi alisema kwa upole. "Tumechukua waliotoka chini. Jaribu mwakani."