Jeneza Lisilopigwa Shoka

Vidole vitatu vya Nusu Bei nilivivunja mimi, tena kwa mfuniko nilioutengeneza kwa mikono yangu hii. Anayetaka kujua kama najuta nitamjibu kwamba ndiyo, najuta, kwa sababu alikuwa na vidole kumi.

Mimi ni seremala wa majeneza. Watu wananiita Mama Randa. Marehemu mume wangu walimwita Mzee Msasa, kwa kuwa mimi nilikuwa naunga mbao, yeye anasugua na kupaka vanishi mpaka ujione uso. Ana miezi kumi na minne tangu aondoke. Kifua kilimkaba wiki mbili tu, akaenda.

Asubuhi hiyo nilikuwa karakanani napiga randa ubao wa msonobari, akaingia dada mmoja ambaye hata sauti ya kusalimia ilimshinda. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mikono yote makovu ya mvuke. Baba yake alikuwa mochwari siku ya tatu. Nikampangusia kiti, nikampa maji, kisha nikamweleza kama ninavyomweleza kila mtu, maana aliyefiwa huwa anaibiwa huku anasema asante.

"Usianze na jeneza, mwanangu," nikamwambia. "Mochwari wanahesabu kwa siku. Wewe unalia nyumbani, wao wanaandika. Kwa hiyo mtoe kesho. Kaburi unalipia eneo, na wachimbaji unawalipa mbali, patana nao kabla jembe halijagusa ardhi. Gari la vioo la kukodi achana nalo. Pikapu ya jirani ikioshwa inatosha, marehemu hagombei siti. Ukishayajua hayo, ndipo tuzungumze jeneza."

"Na majeneza yenyewe, mama?"

"Yako matatu. La bodi ni rahisi, lakini likinyeshewa njiani linavimba kama mkate kwenye chai. La msonobari ni la watu wenye akili. La mninga ni la wenye pesa, au wenye deni la moyo."

Akainama. Akasema polepole kwamba ng'ambo ya barabara, kwa Nusu Bei, muuza majeneza mwenzangu, ameshalipia jeneza la mninga lenye vishikio vya shaba, kwa bei ile ile ya bodi yangu. Kwangu alipita tu kwa sababu moyo ulikuwa unamsuta. Alitaka kujua kwa nini mimi ni ghali hivyo.

Hapo damu ikanipanda. Naweza kuvumilia kuitwa mkali, mchoyo, hata mchawi. Kuitwa ghali siwezi.

"Mninga kwa bei ya bodi? Rahisi huvunja upishi, wewe mpishi unalijua hilo kuliko mimi. Huyo amepaka rangi mbao za makasha akakwambia mninga."

"Nimeliona kwa macho yangu, mama."

"Basi twende nikalione kwa yangu."

Nikavuka barabara na nyundo ya mbao mkononi. Sikuichukua kwa nia mbaya. Ilikuwa mkononi tu, kama kijiko kilivyo mkononi mwa mpishi.

Kabla sijaingia dukani kwa huyo mtu, kuna jambo la shoka nilieleze. Mji wetu si mkubwa wala si mdogo. Wezi wetu tunawajua kwa sura, ila hawa wa makaburini hatukuwahi kuwajua. Unazika leo, keshokutwa udongo umekaa vibaya. Kwa hiyo watu wakazoea, jeneza likishashushwa, ndugu mmoja anashuka na shoka na kulitia ufa mfuniko, ili asiwepo wa kulifukua akaliuza. Si dini wala mila ya babu wa mtu. Ni kufuli la maskini.

Mimi nilikuwa nalichukia shoka hilo. Unakesha na kona moja, unaiunga meno kwa meno bila msumari hata mmoja, halafu mlevi fulani anaipasua mbele yako. Siku ya kumzika mume wangu, kaka yake, yaani shemeji yangu, alikuja na shoka begani. Nililinyakua nikalitupa kwenye nyasi. Nikamwambia mbele ya waombolezaji wote kwamba akitaka kupasua mbao aende kwenye kuni za mke wake. Akasema, "Shemeji, kitu kizuri namna hii hakiachwi ardhini." Nami nilivimba kichwa, nikaona amenisifu. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu, na mimi sikumfuata.

Kwa Nusu Bei kulinukia rangi mbichi. Mwenyewe alikuwa kijana mnene mwenye meno mazuri, mcheshi, anayekuita mama kabla hujafika mlangoni. Jeneza lilikuwa juu ya vigoda viwili, limepakwa rangi nyeusi nzito. Nikacheka. Nikaligonga kwa kidole nimwonyeshe mpishi linavyolia utupu.

Halikulia utupu.

Nikapapasa kona. Meno kwa meno, bila msumari. Nikajiambia, kuna maseremala wengine duniani, si mimi peke yangu. Nikafunua mfuniko, nikainua kitambaa cha ndani upande wa miguuni, nikapitisha kidole gumba kwenye ubao. Nikakikuta.

Nilipokuwa natengeneza jeneza la mume wangu, fundo la mti liliruka likaacha tundu. Mninga ulikuwa umeniishia. Nikaingia chumbani, nikakata kipande kwenye mguu wa kitanda chetu, nikakichonga na kukipachika pale. Mpaka leo kitanda changu kinayumba. Nilitaka alale na kitu cha nyumbani.

Nakumbuka mpishi alinishika kiwiko akiniuliza kama naumwa. Nakumbuka nilimwuliza Nusu Bei kwa sauti ya chini kabisa, ambayo watoto wangu wanaijua na kuikimbia, "Hili umelitoa wapi?"

"Kwa fundi wangu wa mbali, mama. Kazi safi, siyo?"

"Fundi ni mimi. Aliyelala humu ni mume wangu. Umemwacha wapi?"

Akatazama mlango, akatazama nyundo. Mwongo mzuri angekana. Huyu alizoea kuchekesha watu, akadhani hata hapo kichekesho kitamwokoa. Akaweka mkono kwenye ukingo wa jeneza kama mtu anayeegemea meza ya rafiki.

"Yupo pale pale, mama. Tulimrudishia udongo wake. Marehemu hana baridi." Halafu akaongeza, na hilo ndilo lililomponza, "Tena usinilaumu mimi tu. La bodi nani angelifukua? Hili nimeliuza mara tatu na bado linadai mteja. Uzuri wa kazi yako ndio umewatoa watu watatu humu ndani."

Nikaubwaga mfuniko.

Mninga ni mzito. Mlio wa vidole niliusikia wazi, kama kuni mbichi motoni. Akapiga ukelele, nikaukandamiza mfuniko kwa uzito wangu wote, na mimi si mtu mwembamba. Alijichomoa, ngozi ikabaki kwenye ukingo. Kwa mkono mzima akaokota mtaimbo uliokuwa ukutani, akanipiga nao begani. Nikaanguka juu ya makopo ya rangi. Akauinua tena, nikaona kwamba sasa ananiua, na nilichowaza ni kwamba nitazikwa kwa jeneza la bodi.

Ni mpishi aliyeniokoa. Mtu anayesonga ugali wa watoto mia sita kwa mwiko wa urefu wa mtu ana mabega. Alinyakua kigoda kimojawapo, jeneza likashuka kwa kishindo, akamtandika nacho mgongoni mpaka mguu wa kigoda ukatoka. "Baba yangu!" alikuwa anapiga kelele. "Ulitaka nimlaze baba yangu humo!" Nikainuka na nyundo. Nilimpiga gotini. Alipoinama nikampiga mdomoni, yale meno mazuri yakamwagika sakafuni. Sitasema nilikuwa najitetea. Nilikuwa nataka afe, na nilitaka achelewe kufa.

Kelele zikawaleta watu. Mpishi alipotamka neno makaburi, duka likajaa. Hakuna nyumba mtaani kwetu isiyo na mtu pale makaburini. Walimshika miguu wakamburuta hadi barabarani, kichwa kikigonga kila ngazi. Mmoja alikuwa na tofali, mwingine fimbo, mwingine akaja anabingirisha tairi. Muuza vocha, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akibishana, alimkanyaga ule mkono wenye vidole vilivyovunjika, akauzungusha kisigino.

Nilisimama mlangoni nikiangalia. Nilijisikia vizuri, na ninalisema hili kwa sababu ni kweli. Damu ilikuwa inamtoka masikioni, nami nikawa nahesabu bila kutaka: kimo chake, upana wa mabega, mbao ngapi. Ni mazoea ya kazi. Nilipofika kwenye mfuniko nikashtuka. Watu watatu. Wawili sikuwajua. Kuna wajane wawili mjini mwetu ambao kila Jumapili wanapeleka maua kwenye udongo uliofukia maiti bila jeneza, na anayejua ni makaburi yapi ni huyu tu anayepigwa.

Nikamlalia kifuani. Kweli, nilimlalia, na tofali lililokuwa linakuja likanipata mgongoni.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Hajasema wengine wamelala wapi! Na mkimuua, jeneza lake nitatengeneza mimi, na mimi huyu simtengenezei!"

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kile kikawavunja nguvu, matofali yakaanza kushushwa moja moja. Polisi walifika wakamtupa kwenye gari kama gunia. Alipona. Anatembea kwa mkongojo na kunywa uji kwa mrija, na aliyaonyesha makaburi yote matatu.

Mpishi nilimpa lile la msonobari, nikalimaliza jioni hiyo hiyo kwa mkono mmoja, bega limevimba. Alimzika baba yake kesho yake. Fedha zake polisi walizishikilia kama ushahidi, na kila nikipita kituoni wananiambia faili linatembea.

Wiki iliyofuata polisi walifungua kaburi la mume wangu. Wezi walikuwa wamemviringisha kwenye mifuko ya saruji wakamtupa kifudifudi. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na tisa sikumwacha alale bila mto. Nilimwosha vumbi la saruji mwenyewe, sikutaka mtu anisaidie, na nililia kwa sauti kubwa kama mtoto aliyechapwa. Jeneza nilikuwa nimelikwangua ile rangi nyeusi yote, siku tatu, mpaka mninga ukarudi kuwa mwekundu. Nilimlaza humo tena, kwa kuwa ni lake.

Kabla ya hapo nilikwenda kwa shemeji yangu. Nilimkuta uani anapasua kuni.

"Shemeji," nikasema.

"Shemeji."

"Nimekuja kuazima shoka."

Akashusha shoka. Nilisubiri aseme si nilikwambia. Alikuwa na haki ya kulisema, na miezi kumi na minne ya kulitayarisha. Hakulisema. Alilifuta shoka kwa shati lake, akapima makali kwa kidole.

"Limekuwa butu," akasema. "Nitalinoa, nije nalo mwenyewe."

Jeneza liliposhushwa, alishuka kaburini akaliinua shoka. Nikamwambia anipe. Akasita, akatazama bega langu, akanipa. Nikashuka, na yeye akapanda.

Pigo la kwanza liliruka. Nilijisifu maisha yangu yote kwamba kazi yangu haipasuki, na kweli haikupasuka, ilinirudishia shoka nusura linikate mguu. La pili likaacha alama tu. Nikaanza kulitukana. Nililitukana jeneza, nikaitukana mikono yangu, nikalitukana lile neno ghali, nikapiga mpaka bega likauma upya, na vipande vyekundu vikawa vinaniruka usoni. Mfuniko ukalia, ukatoa ufa wa kupitisha mkono. Kupitia ufa niliiona shuka yake.

"Inatosha, shemeji," akasema kutoka juu. "Hakuna tena atakayelitaka."

"Bado miguuni."

Nikapiga ubao wa miguuni, na kile kipande cha kitanda chetu kikachomoka kizima, kikaangukia udongoni. Nilikiokota. Nikakifuta kwa gauni, nikapiga magoti juu ya mfuniko, nikapitisha mkono kwenye ufa mpaka kwenye bega, nikakitafutia mahali karibu na mkono wake, nikakiacha pale.

Halafu nikampa shemeji mkono anivute juu, nikamwambia afukie.